Akii-Bua: Je, mcheza kwao hutunzwa?

Katika mtaa wa Nakasero, jijini Kampala, iko barabara iitwayo Akii-Bua. Ni barabara ya watu wenye uwezo, na wengi wapitao pale kila siku hawajiulizi jina hilo ni la nani. Si la mfalme, wala la waziri, wala la mpigania uhuru. Ni la askari polisi ambaye wakati mmoja alijua kuruka viunzi kuliko mtu mwingine yeyote duniani.

Mimi jina hilo nililifahamu kabla sijajua Kampala yenyewe iko upande gani. Nililelewa karibu na mpaka wa Busia, upande wetu wa Kenya, mahali ambapo shangazi yako anaweza kuwa raia wa nchi nyingine na bado mkakutana sokoni siku hiyo hiyo. Nyumbani kwetu palikuwa na redio moja ya betri. Ilikuwa mali ya baba, na hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa. Ni katika redio hiyo, mwezi wa Septemba 1972, tulipopata habari kwamba Mganda ametwaa nishani ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki huko Munich, Ujerumani ya Magharibi. Miezi minne baadaye, Januari 1973, redio ikatangaza kwamba huyo huyo ametwaa nyingine mjini Lagos, katika Michezo ya Afrika Yote.

Shuleni kwetu ikawa ni Akii-Bua mtupu. Tulikata matete kando ya mto, tukayalaza juu ya vijiti viwili viwili, tukaviita viunzi. Zamani tulikuwa tukigombania kuwa Kipchoge Keino. Sasa tukagombania kuwa Akii-Bua, ingawa sisi tulikuwa Wakenya, na tulijua vizuri kwamba aliyeshindwa naye kule Lagos alikuwa Mkenya mwenzetu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nimeishi na methali hiyo miaka mingi, na kila niisikiapo humkumbuka John Akii-Bua. Alicheza kwao, akatunzwa. Kisha yakatokea mengine. Hebu tumfuate tangu mwanzo, nawe msomaji utapima mwenyewe.

MWANA WA CHIFU

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu wa serikali mwenye wake wanane na watoto 43. Katika boma la namna hiyo mtoto hapewi nafasi, bali huitafuta mwenyewe. Kama wavulana wengine wa Lango, John alichunga ng'ombe.

Riadha haikuwa ngeni katika ukoo huo. Kaka yake mmoja, Lawrence Ogwang, aliiwakilisha Uganda katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, akashindana katika kuruka umbali na kuruka hatua tatu. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kwa Uganda kupeleka timu Olimpiki. Kwa hiyo John alipokuwa akitimiza miaka saba, boma lao lilikuwa limekwisha kumtoa mtu wa kwenda kupambana na ulimwengu.

Baba alipofariki, John alikuwa bado kijana mdogo. Masomo yakakatika. Akafanya kazi katika baa ya ndugu yake, akipokea pesa za wanywaji, kisha akashika njia ya Kampala na kujiunga na Jeshi la Polisi.

Vijana wa leo huenda wakashangaa kwamba mtu aanze riadha kwa kuwa polisi, lakini siku hizo katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki mambo yalikuwa hivyo. Keino wetu alikuwa polisi. Naftali Temu alikuwa mwanajeshi. Kijana mwenye miguu mizuri na asiye na karo alikwenda jeshini, polisi au magereza, na huko alipata chakula cha uhakika, viatu na mtu wa kumfundisha.

Wa kumfundisha Akii-Bua alikuwa Jorem Ochana, afisa wa polisi aliyekuwa bingwa wa viunzi kabla yake. Ochana hakuwa mwalimu wa kubembeleza. Ili kumzoeza kijana kuruka chini chini bila kupaa ovyo, aliweka ufito juu ya kiunzi, naye alipaswa kupita katikati. Akii-Bua aligonga magoti, akagonga vifundo vya miguu, akagonga na kichwa. Kovu alilobakiwa nalo kwenye paji la uso lilikuwa cheti chake cha kwanza.

KUTOKA 110 HADI 400

Mwanzoni alikuwa mtu wa mita 110 kuruka viunzi. Alijaribu kupata nafasi ya kwenda Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaikosa. Mwaka huo huo alifika Uganda mkufunzi kutoka Uingereza, Malcolm Arnold, aliyeajiriwa kuzinoa timu za riadha za nchi hiyo. Arnold alimtazama kijana huyu mrefu, mwenye mapafu mazuri na mwili usiojua kuchoka, akaona kwamba mbio fupi zinampotezea bure. Akamhamishia mita 400.

Yafaa nieleze kidogo, kwa ajili ya wale ambao hawajazitazama mbio hizi kwa makini. Mkimbiaji huzunguka uwanja mara moja na kuruka viunzi 10, kila kimoja kikiwa na kimo cha karibu sentimita 91, yaani kiunoni mwa mtu wa kawaida. Kutoka pale mbio zinapoanzia hadi kiunzi cha kwanza ni mita 45. Kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 35, na baada ya kile cha mwisho zimebaki mita 40 za kufa na kupona. Kazi kubwa iko katika kuhesabu hatua. Mkimbiaji bora hupiga hatua 13 kati ya viunzi wakati bado ana nguvu. Anapochoka hatua hupungua urefu, akalazimika kupiga 14 au 15. Akibadili kutoka 13 kwenda 14, mguu unaotangulia kuruka hubadilika, na wengi hapo ndipo huvurugikiwa. Akii-Bua aliweza kuruka kwa mguu wowote, wa kulia au wa kushoto. Hiyo ilikuwa hazina aliyokuwa nayo kuliko wenzake.

Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, akawa wa nne. Hapa pana jambo la kutufurahisha sisi Wakenya. Wa pili katika mbio hizo alikuwa William Koskei, Mkenya wa damu, lakini siku ile alikuwa amevaa fulana ya Uganda. Wa tatu alikuwa Charles Yego wa Kenya. Akii-Bua alishindwa na wote hao, akarudi nyumbani mikono mitupu. Mshike huyo Koskei kichwani, msomaji, maana tutakutana naye tena.

Mwaka uliofuata, 1971, alikwenda Marekani katika mashindano ya Waafrika na Wamarekani mjini Durham, jimbo la North Carolina, na hapo akakimbia kwa kasi ambayo hakuna mwingine aliyeifikia mwaka huo. Hata hivyo magazeti ya Ulaya hayakumtia sana maanani. Hakuwa na mashindano mengi nyuma yake. Alitoka nchi ndogo isiyo na pwani, yenye watu kama milioni 10 tu, nchi ambayo ilijulikana zaidi kwa mabondia wake.

Nao walimwacha akijinoa. Kule Kampala alipanda vilima, akavaa fulana iliyoshonewa uzito wa karibu kilo 11, akaruka viunzi vilivyo juu kuliko vile vya mashindano, tena na tena, hadi siku ambayo viunzi vya kawaida vilionekana kwake kama vile matete yetu ya kule mtoni.

MUNICH

Tarehe 2 Septemba 1972 wakimbiaji wanane walisimama tayari kwa fainali. Akii-Bua alipewa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Ni njia isiyopendwa na mtu, kwa sababu kona zake ni kali na mwenye miguu mirefu hubanwa humo. Waliopewa nafasi ya kushinda walikuwa David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Mexico aliyeshika rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, na Ralph Mann wa Marekani.

Hemery alitoka kwa kasi kubwa mno. Walipoinamia kona ya mwisho, Akii-Bua alikuwa akija taratibu kwa ndani, kama mtu anayepanda ngazi nyumbani kwake. Walipofika mstari ulionyooka alikuwa mbele. Saa zilisimama kwenye 47.82. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Mann alimaliza kwa 48.51 na Hemery kwa 48.52.

Bingwa hakujua la kufanya na furaha yake. Akazunguka uwanja akiwapungia watu mkono, na njiani akavirukia tena viunzi, hata vile visivyokuwepo. Siku hizi kila mshindi huzunguka uwanja na bendera, na watu huona ni jambo la kawaida. Siku ile wengi walikuwa wakiliona kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Uganda.

BENDERA NA MKONO ULIOISHIKA

Lakini aliporudi nyumbani, alirudi nyumba ya namna gani? Mwezi mmoja tu kabla ya Munich, Agosti 1972, Idi Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90. Katikati ya Septemba wakimbizi wa Uganda waliokuwa Tanzania walivamia wakitaka kumwangusha, na ndege za Amin zikapiga mabomu miji ya Tanzania. Tarehe 21 mwezi huo huo, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa, na hakuonekana tena. Mwezi uliofuata akatoweka Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere.

Na Akii-Bua alikuwa Mlango. Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin Januari 1971, alikuwa Mlango pia. Tangu mapinduzi hayo askari wa Kilango na Kiacholi walikuwa wakiuawa kambini kwa mamia.

Amin alipenda michezo. Yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda katika miaka ya 1950, na alijua thamani ya nishani. Akampandisha cheo Akii-Bua, akampa nyumba, na barabara ile ya Nakasero ikaitwa kwa jina lake. Kila mgeni alipouliza kuhusu mateso ya Walango, jibu lilikuwa tayari: mtazameni Akii-Bua, Mlango huyu hapa, amenenepa na ana nyumba. Hivyo bingwa akatunzwa kweli kweli, lakini tuzo yake ikawa pia pazia la kufunikia mambo mengine. Mimi nadhani hakuna mzigo mzito kwa mwanamichezo kama huo, kushangiliwa na mkono unaowapiga ndugu zako.

LAGOS

Huo ndio mzigo aliokwenda nao Lagos, Januari 1973.

Siku hizi Lagos haitajwi sana inapohadithiwa habari yake, kwa kuwa Munich imeimeza. Lakini kwa sisi Waafrika Lagos ilikuwa na uzito wa pekee. Michezo ya kwanza ya Afrika Yote ilifanyika Brazzaville mwaka 1965, na Keino wetu akang'ara kwa kushinda mita 1,500 na mita 5,000. Ya pili ilikusudiwa kufanyika Bamako mwaka 1969, lakini serikali ya Mali ikapinduliwa Novemba 1968 na mpango ukavunjika. Bara zima likangoja. Mwishowe Nigeria, iliyokuwa imemaliza vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe miaka mitatu tu iliyopita, ikafungua milango ya uwanja mpya wa taifa mtaani Surulere, uwanja wa watu 55,000, na Jenerali Yakubu Gowon akawakaribisha wageni.

Nchi ndogo huenda Olimpiki na watu wachache, na mara nyingi hurudi bila bendera yake kupandishwa hata mara moja. Katika michezo ya bara mambo ni tofauti. Huko Uganda husimama bega kwa bega na Nigeria, Misri na Ethiopia, na mshindi hapimwi na watu wa mbali asiowajua, bali na majirani zake. Majirani ndio wagumu. Mtu wa mbali akikusifu, huenda anakuhurumia. Jirani akikubali kwamba umemshinda, umemshinda kweli.

Na majirani walikuwa wakali mwaka ule. Filbert Bayi wa Tanzania alishika mbele tangu mwanzo wa mita 1,500, akamwacha Keino nafasi ya pili, na ndipo dunia ilipoanza kumjua. Ben Jipcho wetu alitwaa mita 5,000 na mbio za kuruka viunzi na maji. Msichana wa Nigeria, Modupe Oshikoya, alitwaa dhahabu tatu mbele ya watu wake, katika viunzi vya mita 100, kuruka juu na kuruka umbali.

Akii-Bua aliingia uwanjani kama bingwa wa dunia, na hiyo ni hali ya hatari. Munich hakuna aliyemtazamia. Lagos kila mtu alimtazamia, na kila aliyepangwa naye alijua kwamba kumshinda huyu mmoja ni sawa na kuishinda dunia. Miongoni mwao alikuwamo yule William Koskei niliyekuomba umshike kichwani. Sasa Koskei amerudi kwao na amevaa fulana ya Kenya. Miaka mitatu nyuma, wote wawili wakiwa Waganda, ni Koskei aliyemwacha Akii-Bua nyuma.

Safari hii mambo yakageuka. Akii-Bua alimaliza kwa sekunde 48.54, wakati ambao hadi siku hiyo ni watu wachache mno duniani waliokuwa wameufikia. Koskei akawa wa pili, mbali nyuma yake. Hapakuwa na Mmarekani wala Mwingereza wa kumsukuma. Alijisukuma mwenyewe. Nionavyo mimi, hapo ndipo alipothibitisha kwamba Munich haikuwa bahati ya siku moja.

Jambo moja zaidi nalikumbuka kila niitafakaripo Lagos. Bayi alikuwa Mtanzania na Akii-Bua Mganda. Serikali zao zilikuwa zimepigana miezi minne tu kabla. Hata hivyo vijana hao wawili walitumia uwanja mmoja, na bendera zote mbili zikapandishwa juu ya mlingoti mmoja kwa zamu, watu wakizipigia makofi. Sisi wavulana wa Busia hatukuona ajabu yoyote. Tulihesabu nishani za wote kuwa zetu, za Afrika ya Mashariki. Watoto wakati mwingine huona mbali kuliko wakubwa.

MONTREAL

Rekodi yake ya 47.82 ilidumu karibu miaka minne. Mwaka 1976 alijiandaa kwa Olimpiki ya Montreal, ambako alikuwa ameibuka Mmarekani mpya, Edwin Moses. Ulimwengu ulingoja kuwaona wawili hao. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini majuma machache baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi, na nchi zaidi ya 20 za Afrika zikajiondoa kwa kuwa New Zealand haikufukuzwa michezoni. Kenya ilijiondoa. Mike Boit wetu alikosa nafasi yake hapo. Uganda ilijiondoa pia. Moses akashinda tarehe 25 Julai, na siku hiyo hiyo akaivunja rekodi ya Akii-Bua, mwenyewe hayumo uwanjani kuitetea.

Siwalaumu viongozi wa Afrika kwa uamuzi ule. Soweto lilikuwa jambo la damu. Ila nasema kwamba gharama yake walilipa watu wachache, na Akii-Bua alikuwa mmoja wao.

MKIMBIZI

Mwishoni mwa mwaka 1978 Amin aliivamia Tanzania huko Kagera. Tanzania ikajibu, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Akii-Bua sasa alikuwa amebanwa pande zote mbili. Kwa watu wa Amin alikuwa Mlango. Kwa waliomchukia Amin alikuwa yule afisa wa polisi aliyepewa nyumba na cheo. Akaichukua jamaa yake, akakimbilia Kenya.

Nami hapa sina budi kusema langu. Mwaka ule nilikuwa kijana wa miaka 16. Watu walivuka mpaka kwa mamia, wengine kwa magari, wengi kwa miguu, wakiwa wamebeba magodoro, sufuria na watoto. Sisi vijana wa upande huu tuliiona kuwa neema. Tuliwabebea mizigo kwa malipo, na aliyekuwa na haraka zaidi tulimtoza zaidi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na masanduku mawili nilimtoza shilingi tano, bei ambayo siku ya kawaida ningeona haya kuitaja. Alinilipa bila kubishana. Nikanunua mkate na soda, nikajiona mjanja.

Sisemi kwamba Akii-Bua alipita mbele ya macho yangu. Nasema tu kwamba majira yale yale, bingwa wa Munich na Lagos, mtu ambaye tulikuwa tukipigana kwa ajili ya kubeba jina lake pale mtoni, aliingia katika nchi yangu kama wale niliokuwa nikiwatoza, na akawekwa katika kambi ya wakimbizi. Mimi sikuyajua hayo mpaka miaka mingi baadaye. Nilipoyasoma, yule mama wa masanduku mawili alinirudia usoni.

Waliomtoa kambini hawakuwa serikali yoyote ya Afrika. Ilikuwa kampuni ya viatu ya Puma, ya huko Ujerumani, ambayo viatu vyake alikuwa amevivaa alipokuwa bingwa. Ilimchukua, ikampa kazi, akaishi huko kwa muda wa miaka mitatu minne. Mwaka 1980 aliivalia tena Uganda fulana katika Olimpiki ya Moscow, akiwa na miaka 30, lakini miguu haikuwa ile ya zamani, na fainali hakuifikia.

KURUDI

Angeweza kubaki Ujerumani. Wengi wangebaki. Yeye alirudi Uganda katika miaka ya 1980, akarudi katika polisi, akawa mwalimu wa vijana wa riadha katika nchi iliyokuwa haina viwanja vizuri wala pesa za kuvitengeneza. Hakurudi kudai chochote. Alirudi kufanya kile alichofanyiwa na Ochana, kumwonyesha kijana asiye na karo jinsi ya kuvuka kiunzi bila kujiumiza.

Alifariki tarehe 20 Juni 1997, akiwa na miaka 47 tu. Mkewe alikuwa amemtangulia, na aliacha watoto 11. Serikali ya Uganda ilimzika kwa heshima za kitaifa. Mjini Lira, katika nchi yao ya Lango, uko uwanja wa michezo uliopewa jina lake.

Uganda ilingoja miaka 40 kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki, hadi Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni London mwaka 2012. Baada yake wakaja Joshua Cheptegei na Peruth Chemutai, na siku hizi Uganda haihesabiwi tena kuwa nchi ya kubahatisha. Kwetu Kenya, tulingoja hadi mwaka 2015 ndipo marehemu Nicholas Bett akawa Mkenya wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa mita 400 kuruka viunzi. Alishinda kwa sekunde 47.79. Linganisha, msomaji, na 47.82 ya mwaka 1972. Miaka 43 ilipita, viatu vikabadilika, viwanja vikabadilika, na tofauti kati ya mabingwa hao wawili wa Afrika ya Mashariki ni mia tatu tu za sekunde, muda usiotosha hata kupepesa jicho.

Basi je, mcheza kwao hutunzwa? Akii-Bua alitunzwa nyumba ambayo hakuweza kukaa, na barabara ambayo siku ya hatari ilimbidi aiache nyuma. Aliyemhifadhi alikuwa mgeni. Mimi nadhani methali haikukosea. Waliokosea ni sisi wenye kutunza, tunaodhani kwamba kumtunza mtu ni kumpa zawadi siku ile anapotuletea nishani. Siku hiyo hana haja nasi, kwa maana dunia nzima inamshangilia. Siku ya kumtunza ni ile anapokuja mpakani na mzigo kichwani na hatumtambui.

Mwaka jana nilipita Busia. Mto bado upo na matete bado yanaota. Vijana walikuwa wakipita kwa pikipiki, wakibeba mizigo ya watu kuvuka mpaka. Nilimwomba mmoja anipeleke hadi stendi. Aliponitajia nauli, nilimlipa bila kubishana.